Nozeli Nyeupe na Nyuki wa Haisi

Vijana wangu mnaoosha magari hapa Mpanda, kila nikipita mnanipigia kelele, "Shikamoo, Mama Nyuki!" halafu mnacheka. Marahaba. Chekeni tu, jina hilo nalipenda. Kinachoniudhi ni chumvi mnayoongeza. Juzi nimemsikia mmoja stendi akiapa kwamba nyuki wale niliwatuliza kwa maombi. Mwingine anasema nilikuwa na dawa ya Kikonongo nimeifunga kwenye pindo la kitenge. Hakuna maombi wala dawa. Niliwatuliza kwa maji, na maji yenyewe yalipita kwenye nozeli nyeupe, mdomoni mwa bunduki ya maji. Jioni yake mrina asali mmoja wa Nsemulwa alikuja akawachukua kwenye boksi, akaenda nao zake kwa amani.

Lakini kabla ya jioni kulikuwa na mchana. Ndani ya Haisi ile alikuwemo mama aliyetoka kujifungua kwa upasuaji, na kichanga chake cha siku tano, madirisha yamefungwa, jua la Oktoba linachoma bati. Nyuki wamejaa mlangoni. Na mtu mmoja alikuwa ameshika bunduki ya maji yenye nozeli nyekundu, tayari kuwafyatulia. Nitawasimulia yote, ila lazima mnivumilie kwanza niseme habari za nozeli, maana bila hizo mtadhani nilikuwa jasiri. Sikuwa jasiri hata kidogo. Nilikuwa najua kazi.

Mimi ni Modesta, mama yake Deo. Kwetu ni Inyonga, baba yangu alikuwa mrina asali. Mpanda nilikuja na mume, nikaanza kwa kuuza uji pembeni ya kituo cha mafuta, mahali palipokuwa na uoshaji wa magari. Mkuu wa pale alikuwa Fundi Rashidi, mtu wa Karema kule ziwani, mwembamba, mcheshi, ambaye hakuwahi kumaliza kikombe cha uji bila kunifundisha kitu ambacho sikumuuliza. Siku moja mwenzake aliondoka kwenda machimboni kutafuta dhahabu bila hata kuaga. Fundi akaja na kikombe mkononi akasema, "Binti, mikono yako haitetemeki. Nakuona unavyomimina uji. Njoo ushike bunduki hii." Nikaacha sufuria, nikashika, nikabonyeza, nikajikuta nimekaa kwenye matope mbele ya madereva wote wa malori. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Fundi alinisubiri nikamue kitenge, kisha akanipeleka kwenye bomba la kawaida lenye mpira. Maji yalikuwa yanatoka taratibu, yanatulowesha miguu. Akaweka kidole gumba kwenye mdomo wa mpira, akaziba zaidi ya nusu. Maji yakaruka hadi ukuta wa choo.

"Bomba limeongeza maji?" akaniuliza.

"Hapana, Fundi."

"Nani kaongeza nguvu?"

"Kidole."

"Basi hicho kidole ndiyo nozeli. Pampu kazi yake ni kusukuma maji, ndoo kadhaa kwa dakika, basi. Presha inazaliwa pale mbele, maji yanapokuta njia ndogo."

Sikuelewa siku hiyo, nikajifanya nimeelewa, kama nyie mnavyofanya. Nilielewa baada ya miezi, mashine zilipoanza kuniaibisha. Tundu la nozeli likiwa dogo kuliko inavyotaka pampu, presha inapanda kupita kiasi, valvu inarudisha maji nyuma, yanazunguka humo humo mpaka pampu inachemka. Likiwa kubwa, presha inashuka, na hata ukikoleza injini mpaka moshi utoke, maji yatatoka kwa uvivu. Kila pampu ina tundu lake. Ndiyo maana kwenye kila nozeli wamechonga tarakimu ndogo nne ambazo nyie hamzisomi. Mbili za mwanzo ni upana wa feni ya maji, yaani yanavyotanuka yakitoka, mbili za mwisho ni ukubwa wa tundu. Kijana mmoja wa Nsemulwa aliagiza nozeli nzuri kwa simu, zikatoka Dar kwa basi, zinang'aa kama hereni. Akazifunga, maji yakadondoka kama ya kumwagilia mchicha. Alikwenda kugombana na aliyemuuzia mashine. Nikachukua nozeli, nikasoma, nikamwambia, "Baba, hili ni tundu la mashine kubwa mara mbili ya hii yako." Akaenda kumwomba radhi muuza mashine.

Sasa rangi. Hapa ndipo wengi mnapochanganya, kwa hiyo wekeni simu chini. Nyekundu, njano, kijani na nyeupe, zikiwa na tarakimu zile zile za tundu, pampu inazisukumia presha ile ile. Kinachobadilika ni namna maji yanavyotawanyika. Nyekundu inatoa mstari mmoja, nguvu yote inagonga mahali padogo kuliko ukucha. Njano inafungua feni nyembamba, kijani pana kidogo, nyeupe pana kabisa, nguvu imegawanywa kila upande, haimuumizi mtu. Nyeusi ni ya sabuni, na hiyo ndiyo tofauti na wenzake, tundu lake ni kubwa, presha yenyewe inaanguka. Fundi Rashidi hakunifundisha kwa mdomo. Alinipeleka kwenye mgomba uliokwisha kuvunwa nyuma ya choo. Nyekundu ikautoboa mgomba mpaka nikaona upande wa pili. Njano ikauchubua. Kijani ikaondoa magome makavu. Nyeupe ikautoa vumbi na kuuacha mzuri kuliko ulivyokuwa. "Gari la mtu ni mgomba," aliniambia, "ila mgomba haukudai fidia."

Na umbali ni nusu ya kazi. Nyekundu kwa hatua tano ni kama njano kwa karibu, na nyeupe ukiinyanyua ikaenda mbali, maji yanakatika hewani yanakuwa manyunyu. Wateja wanapenda nyekundu kwa sababu ina kelele. Kelele haioshi gari.

Nami nilikosea, tena nilikosea vibaya. Maji yetu yalikuwa ya kisima, yenye mchanga, na nozeli ilikuwa inaziba mara kwa mara. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaisugua kwenye sakafu ikawa kali, nikawa nazibulia. Inaingia, unazungusha, unapuliza, kazi inaendelea. Nilijiona mjanja, na waosha magari wote wa mjini wakaniiga, kila mmoja na spoku yake mfukoni. Baada ya miezi miwili mashine ikawa haina nguvu. Mwenye mali akaleta fundi wa pampu, wakabadilisha sili, wakabadilisha valvu, wakamwaga oili, wakaweka mpya. Hakuna kitu. Fundi Rashidi alikuwa kwao Karema msibani. Aliporudi alisikiliza injini akiwa bado ana begi begani.

"Injini haiguni," akasema. "Inacheza tu."

Akaing'oa nozeli, akainyanyua juani, akafumba jicho moja. Kisha akaniita nami nitazame. Tundu lililokuwa la mviringo lilikuwa limekuwa kama yai, tena pembeni lina michubuko ya spoku. Pampu ilikuwa nzima tangu mwanzo. Niliona aibu mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitamani anitukane, angalau imalizike. Akasema tu, "Sasa umejua nozeli ni laini kuliko unavyodhani. Uzibuaji ni loweka kwenye siki, piga maji kinyumenyume, na ukishindwa kabisa tumia uzi wa shaba wa ndani ya waya wa umeme, maana shaba inapinda kabla haijaumiza." Nimefanya hivyo miaka yote iliyofuata. Na kwenye mpira unaovuta maji, fungeni soksi ya nailoni ya mama. Mchanga ndio unaokula nozeli taratibu, hamuuoni, mnailaumu pampu.

Nimetaja injini kuguna. Hilo ni sikio, na sikio halinunuliwi. Nozeli ikiwa sahihi, ukibonyeza bunduki injini inaguna kama mtu aliyebebeshwa gunia linalomtosha. Isipoguna, tundu ni kubwa. Ikikaba inataka kuzimika, tundu ni dogo au limeziba. Mimi hata sasa nikiwa kanisani, mashine ikiwashwa ng'ambo ya barabara, naacha kusikiliza mahubiri. Mungu anisamehe.

Kosa jingine ni la rejeta. Lori la mahindi lilikuwa limejaa mbegu za nyasi kwenye rejeta, nikaona kijani inachelewa, nikaweka nyekundu. Mbegu zilitoka zote, na mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, yakalala yote. Sikuyaona kwa sababu nilikuwa naangalia usafi. Lori likapanda milima ya Mwese, likachemka katikati ya mlima, dereva akalala huko siku mbili akila mahindi ya mwenye mzigo. Aliporudi hakuja kuniuliza, alikuja kunitafuta. Nilijificha nyuma ya matenki mpaka Fundi Rashidi akamtuliza kwa uji wangu mwenyewe, ambao siku hiyo ulinywewa bure na watu wanne.

Fundi Rashidi alipozeeka akarudi ziwani, bunduki akaniachia mimi. Nikafanya kazi miaka mingi peke yangu na vijana wa kupokezana, mpaka mwenye mali akamleta mpwa wake, Jofrey. Mtu mzima, ana mke na watoto wawili, amefanya kazi Mwanza, mabega mapana. Alikuja na mashine kubwa mpya na dharau mpya. Jofrey alikuwa anafungua nozeli nyekundu asubuhi, anaifunga jioni. Pikipiki, nyekundu. Basi, nyekundu. Matairi, nyekundu, kwa karibu mpaka naona raba inatoa unga. Madereva walikuwa wanasimama kumtazama. Maji yakilia anainua bunduki juu kama mwanajeshi, watu wanapiga makofi.

"Jofrey, utatoboa tairi la mtu," namwambia.

"Mama, hizo ni za zamani. Siku hizi watu wanataka spidi."

"Na raba za vioo je? Wiki hii umeng'oa mbili."

"Zilikuwa zimechoka zenyewe bana."

Nilikuwa nimebakiza miezi mitatu kustaafu. Nilikuwa nauma meno, nahesabu wiki, na kusema kweli moyo ulikuwa unaniuma. Niliona kila nilichofundishwa kwenye mgomba ule kinakwenda kufa, na anayekiua anapigiwa makofi.

Siku yenyewe ilikuwa saa saba mchana. Haisi ya kukodi iliingia ikitoka hospitali, inarudi Mwese. Dereva akaweka mafuta, kisha akasogea kwetu atolewe vumbi. Nyuma alikuwa amekaa yule mzazi, Anastazia, na kichanga chake. Mama yake Anastazia, bibi wa mtoto, alishuka kwenda dukani ng'ambo ya barabara kununua maji ya kunywa. Jofrey akagonga kioo kwa heshima, hilo nampa, akamwambia, "Dada, funga madirisha yote, usije kulowa na mtoto." Akafunga.

Nilisikia kabla sijaona. Ukizaliwa kwa mrina asali, sauti ile huisahau. Kundi la nyuki waliohama lilikuja kutoka upande wa reli, likazunguka mara moja juu ya kituo, likatua kwenye mlango wa kuburuta wa ile Haisi, kuanzia kitasa hadi kwenye kioo cha pembeni. Nyuki wanaohama huwa wapole wakiachwa. Hawakuachwa. Dereva aliona, akafungua mlango wake, akaruka, akaubamiza kwa nguvu zake zote, akakimbilia kwa wauza matairi na funguo mkononi. Gari lilipotikisika nyuki nusu wakaruka, wakalizunguka pande zote, wakaanza kuuma watu.

Kituo kikavurugika. Mmoja akaja mbio na boksi linalowaka ili awatie moshi. Muuza mafuta akapiga ukelele, "Mafuta hayo! Utatuchoma wote!" na kweli pampu za petroli zilikuwa hatua chache tu. Boksi likazimwa kwa miguu. Wengine wakatoa simu wakarekodi. Wengine wakapiga simu kuomba msaada, wakaambiwa unakuja. Kupitia kioo nikamwona Anastazia anampepea mtoto kwa kanga. Jasho linamchuruzika. Akapiga kioo kwa kiganja, mara moja, mara ya pili kwa udhaifu. Asingeweza kufungua mlango, nyuki walikuwa juu yake. Asingeweza kuruka viti kwenda mbele, ana mshono wa siku tano.

Bibi akarudi na chupa zake za maji. Alipoelewa akazitupa, akakimbilia gari, akaumwa usoni, akina mama wawili wauza ndizi wakamshika.

"Niacheni! Mjukuu wangu anapikwa mle ndani! Niacheni nikafe naye!"

Hapo Jofrey akawasha mashine yake kubwa. "Ondokeni njiani! Nawasomba wote!" Nozeli nyekundu. Alikuwa ameshainyanyua bunduki begani. Nilimrukia, nikamshika kiwiko kwa mikono yote miwili.

"Jofrey, usipige!"

"Mama, niachie! Mtoto anakufa!"

"Ukipiga kwa hiyo utaua nyuki mia, maelfu waliobaki watakasirika, na raba ya kile kioo utaing'oa. Wataingia wapi?"

Akanitazama. Akatazama dirisha. Nikaona ameelewa, maana raba zile mbili za wiki ile yeye ndiye aliyeziokota sakafuni.

"Tufanyeje sasa?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli.

Nilikuwa naogopa. Lakini nilimkumbuka baba. Baba akikuta kundi limetua kwenye tawi, na nyuki wanarukaruka, alikuwa anajaza maji mdomoni, anabana midomo, anapuliza, tena hapulizi kwao. Anapuliza juu yao, maji yanawashukia kama mvua ndogo. Nyuki wakidhani mvua imekuja wanaacha kuruka, wanasogeleana, wanashikana. Nami nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko wa baba, ni suala la kuchagua nozeli tu. Nyeusi, ya sabuni? Mtu angesema ndiyo, kwa kuwa presha yake ni ndogo kuliko zote. Lakini matone yake ni mazito, yatawaangusha chini na kuwachokoza, halafu hayaendi mbali, ingenibidi nisimame katikati yao. Nilitaka matone madogo yanayofika mbali. Hiyo ni nyeupe, injini ikiwa kwenye kasi yote ili maji yakatike vizuri, mtutu ukielekea juu.

"Zima," nikamwambia. Akazima. Nikabonyeza bunduki kutoa presha iliyobaki kwenye mpira, maana hata kwa mtoto anayekufa nozeli haing'olewi na presha ndani, ingeniruka usoni. Nikatoa nyekundu, nikasoma tarakimu za nyeupe, tundu lile lile, nikaibana. "Washa, kasi ya mwisho." Injini ikaguna. Nikasimama hatua kumi, upande upepo unapotokea, nikainua mtutu kuelekea mawinguni juu ya Haisi.

Mwanzoni hakikutokea kitu, ila watu walinicheka. "Bibi anamwagilia gari!" mmoja akasema. Nyuki watatu waliniuma shingoni. Sikuwapiga. Manyunyu yakaanza kushuka juu ya bati, juu ya mlango, juu ya nyuki, polepole, na jua lilipoyapita ukatokea upinde mdogo wa mvua juu ya Haisi. Nikahesabu pumzi zangu. Kisha sauti ya nyuki ikabadilika. Mimi niliisikia kabla ya wote. Wale waliokuwa hewani wakaanza kutua mmoja mmoja, wakakusanyika pale kwenye kitasa, wakawa fungu moja jeusi linalong'aa, kubwa kama sufuria ya uji. Upande wa dereva ukawa mweupe, hakuna hata mmoja. Nilitaka kupiga vigelegele, lakini mzazi alikuwa bado ndani na kiganja chake hakikugonga tena kioo.

Lazima mtu aingie. Jofrey akasema, "Naingia mimi." Nikamwambia hapana, mle ndani kuna mzazi mwenye mshono, panahitaji mwanamke. Nikampa bunduki.

"Shika. Unauona ule upinde? Macho yako yabaki pale. Usishushe mtutu hata upana wa kiganja."

"Nikishusha?"

"Ukishusha, utakuwa umewapiga, nasi tuko ndani."

Akashika. Yule mtu wa nyekundu, aliyekuwa anainua bunduki ili apigiwe makofi, aliishika kama ameshika yai. Nikajifunika kitenge kilicholowa, nikapita kwenye manyunyu, nikafungua mlango wa dereva taratibu, nikaingia. Joto la mle ndani lilinipiga kama la tanuri la tumbaku. Anastazia alikuwa ameegemea kiti, midomo mikavu. Mtoto alikuwa mwekundu, macho yamefumba, halii.

"Mama, mchukue yeye," akasema. "Mimi niache."

"Simwachi mtu hapa. Nyamaza, nipe."

Nikamfunga mtoto kwenye kitenge kile kibichi, nikageuka, na mlangoni alikuwa amesimama bibi yake. Alikuwa amewaponyoka wale akina mama, amepita kwenye manyunyu, uso umevimba upande mmoja, mikono ameinyoosha. Nikampa mjukuu wake, akaondoka naye ameinama. Kisha nikarudi kwa Anastazia. Nikakilaza kiti cha katikati, nikamwambia anishike shingoni, tukaja inchi kwa inchi, yeye akiuma kanga ili asipige kelele. Sijui tulichukua muda gani. Kila nilipotazama juu kupitia kioo cha mbele, manyunyu yalikuwa yanashuka vilevile, hayajasogea. Tukatoka. Watu wakampokea, wakamweka kivulini, wakampa maji.

Nilimtafuta bibi. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine, mtoto mapajani, anamfuta kichwa na kifua kwa maji, anampulizia usoni. Nikamwona anasema kitu, lakini mashine ya Jofrey ilikuwa inanguruma na sikusikia. Kinywa cha mtoto kilikuwa wazi. Sikuweza kujua kama analia au amekiacha wazi tu. Miaka yote ya kazi sijawahi kuogopa kama dakika ile.

"Mama!"

Alikuwa Jofrey. Alikuwa bado amesimama palepale, mtutu juu, upinde wa mvua bado uko juu ya bati, nyuki wametulia kimya. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba tumeshatoka, naye hakuthubutu kuyaondoa macho.

"Mama, nishushe?"

"Shusha, Fundi," nikamwambia. Sikuwahi kumwita hivyo.

Akazima injini. Kituo kizima kikawa kimya, na katika ukimya ule tukamsikia yule mtoto, analia kwa hasira, kwa sauti kubwa, anadai maziwa ya mama yake.